Tusibomoe Kabla ya Kupima: Neno juu ya Majengo ya Matofali ya Makwale

Mtu asafiriye kutoka Kyela mjini kwenda Matema, akapita Ipinda na kuingia katika kata ya Makwale, huona mashamba ya mpunga na ya kakao, michikichi na migomba, na Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki kama ukuta. Huona pia kazi ya mikono ambayo wenyeji hawaitazami tena kwa kuwa wameizoea, nayo ni matofali. Yako yaliyofyatuliwa jana na kuanikwa uwanjani. Yako yaliyopangwa tanurini yakingoja moto. Iko nyumba iliyokwisha kuhamiwa. Na liko boma lililofika usawa wa linta likasimama hapo, majani yakiota juu ya kuta zake.

Leo twataka kunena juu ya matofali hayo. Hoja yetu ni fupi. Jengo la matofali au la mawe lililo imara ni mali ya watu wote, wala halifai kubomolewa au kuachwa lianguke kwa sababu tu limezeeka. Na jengo jipya halifai kusimamishwa kwa pupa hata likazeeka kabla ya wakati wake. Mambo haya mawili ni jambo moja, maana asiyejua kutunza la zamani hatajua kulijenga jipya.

Ufundi si mgeni

Wako wadhanio kwamba kujenga kwa udongo uliofinyangwa kulikuja katika nchi hii pamoja na wageni. Sivyo. Msafiri Joseph Thomson alipopita kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879 aliisifu miji ya Wanyakyusa kwa usafi wake na kwa nyumba zake nzuri. Nyumba hizo zilijengwa kwa mianzi, na nafasi kati ya mianzi zikazibwa kwa mabonge ya udongo yaliyofinyangwa kwa mkono. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa katika nchi hii na kuchunguza desturi zake katika miaka ya 1930, waliandika jinsi wavulana wa rika moja walivyotoka katika nyumba za baba zao na kwenda kujijengea kijiji chao wenyewe. Maana yake ni kwamba kila kijana alijifunza kusimamisha nyumba kabla hajapata mke. Na kule Ikombe, kando ya ziwa karibu na Matema, akina mama wa Kikisi wangali wanafinyanga na kuchoma vyungu vinavyouzwa mbali na kwao. Basi udongo na moto ni vitu ambavyo watu wa pwani hii wamevifahamu tangu zamani.

Jambo lililokuja na wageni ni tofali la pembe nne na ukuta wa kunyooka kwa timazi. Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe, na wale wa Berlin chini ya Alexander Merensky wakaanza vituo vyao katika nchi hii ya Konde. Wote walipita njia ya ziwa. Kusini ya ziwa hilo hilo, katika Blantyre, kanisa la Mtakatifu Mikaeli lilikamilika mwaka huo huo wa 1891, limejengwa kwa matofali ya maumbo 81 mbalimbali, nayo mikono iliyoyafyatua na kuyapanga ilikuwa ya Waafrika waliojifunza kazi hiyo papo hapo. Twalitaja jambo hili kwa makusudi. Majengo ya zamani ya nchi hizi huitwa ya Wajerumani, au ya Waingereza, au ya wamisionari. Lakini aliyekanyaga udongo, aliyebeba maji, aliyekesha tanurini na aliyeshika mwiko alikuwa babu yetu. Anayelibomoa jengo hilo bila sababu habomoi kazi ya mgeni tu.

Majengo yaliyopata kazi mpya

Yafaa tutazame mifano iliyo karibu. Kisiba, kando ya ziwa dogo la Masoko katika wilaya ya Rungwe, yako majengo ya mawe ambayo Wajerumani waliyajenga kwa ajili ya askari wao kabla ya Vita Kuu ya 1914. Vita vilikwisha, Wajerumani wakaondoka, lakini mawe hayakuondoka. Majengo yale yakafanywa mahakama, na watu wakaenda kudai haki zao katika nyumba iliyojengwa ili kuwatisha. Hakuna aliyeona haja ya kuyavunja ili mahakama ijengwe upya.

Iringa, boma la Wajerumani lilifanywa makumbusho ya mkoa mwaka 2016. Dar es Salaam, Boma la Kale lililojengwa kwa mawe ya matumbawe siku za Sultani Majid, mwaka 1866 na 1867, lilitengenezwa na kufunguliwa tena mwaka 2017 kuwa kituo cha kueleza historia ya ujenzi wa mji ule. Katika mifano hii yote jengo lilipata kazi mpya, na kwa kuwa lilipata kazi lilipata pia mtu wa kulifagia, wa kuziba paa lake na wa kuzibua mfereji wake. Nyumba isiyo na kazi haina mlinzi, na isiyo na mlinzi hufa upesi kuliko iliyo kuukuu.

Upo pia mfano wa kutuhuzunisha. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilikuwa jengo kubwa kuliko yote katika Mji Mkongwe. Kwa miaka mingi ilijulikana kuwa imechoka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kuitengeneza ikiwa inaendelea, sehemu yake kubwa iliporomoka na mafundi wawili wakapoteza maisha. Wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Unguja imetufundisha zaidi ya hapo: ufa ulioachwa mno huweza kumwua hata yule aliyekuja kuuziba.

Udongo wa Ulaya

Mwaka 1977 Mwalimu Julius Nyerere, akipima yaliyotendeka katika miaka kumi tangu Azimio la Arusha, aliwakemea watu waliokuwa wakingoja saruji na mabati huku wakiacha udongo wa kuchoma uliokuwa chini ya miguu yao. Saruji wakati ule iliitwa udongo wa Ulaya, na jina hilo lenyewe lilionyesha ugonjwa aliokuwa akiupiga vita. Mtu alikaa katika kibanda kibovu akisubiri mifuko ya saruji ambayo hakuwa na fedha za kuinunua, naye amezungukwa na udongo mwema wa mfinyanzi.

Nusu karne karibu imepita. Saruji si ya Ulaya tena, maana huko Songwe katika nyanda zetu hizi za juu kiko kiwanda kiitengenezacho kwa mawe ya chokaa ya hapo hapo. Na watu wa Kyela, twasema kwa furaha, hawakungoja. Nyumba za matofali ya kuchoma zimeenea vijijini. Hata hivyo maonyo ya Mwalimu yangali na kazi. Tumeona ukuta wa zamani wa matofali mema, uliojengwa kwa udongo au kwa chokaa, ukipakwa lipu nzito ya saruji ili uonekane mpya. Ukuta wa namna ile huvuta unyevu kutoka chini na kuutoa taratibu nje. Ukiuziba kwa saruji ngumu, unyevu hukosa njia ya kutokea. Hukaa ndani, hulainisha udongo wa kati ya matofali, nayo lipu huvimba na kubanduka ikiwa imechukua uso wa tofali. Ukuta uliozeeka hupenda chokaa kuliko saruji. Fundi asiyelijua jambo hili huliua jengo alilolipwa kulitibu.

Tena twapenda kuongeza neno juu ya vigae, ambavyo Mwalimu aliviona kuwa bora kuliko bati. Kwa ubaridi na kwa urembo vigae vina sifa zake. Lakini vigae ni vizito, na nchi yetu hii, kama tutakavyoeleza, ni nchi itikisikayo. Paa jepesi lililofungwa vizuri lina salama yake.

Maboma yasiyoezekwa

Neno boma lilimaanisha zamani ngome ya mtawala. Siku hizi mwananchi akisema boma ana maana ya kuta zisizo na paa. Kijiji kimeazimia kujenga darasa au zahanati. Watu wamechanga fedha, wamefyatua matofali, akina mama wamesomba mchanga na maji. Kuta zimepanda hadi kwenye linta. Kisha kazi imesimama ikingoja mabati na mbao kutoka halmashauri. Hungoja mwaka, hungoja miwili, pengine hungoja mitano.

Katika wilaya kavu boma laweza kungoja. Kyela haliwezi. Mvua ya pwani hii ya kaskazini ya ziwa hupita milimita 2,000 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa nguvu zaidi kati ya Machi na Mei, hata mito ya Mbaka, Kiwira na Lufilyo hufurika na kuingia mashambani. Mvua hiyo ikipiga juu ya ukuta ulio wazi huingia katikati yake, huosha udongo ulioshika matofali, na kila tofali lisiloiva sawasawa huanza kumomonyoka. Boma lililoachwa masika matatu si lile walilolijenga wananchi. Nao wananchi wakiliona jasho lao likiyeyuka, mwaka ujao wakiitwa kuchanga hawaji, wala hatuwezi kuwalaumu.

Twashauri mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. La kwanza, kijiji kisianze vyumba vinne ikiwa uwezo wake ni wa kuezeka kimoja. Chumba kimoja chenye paa ni shule. Vyumba vinne visivyo na paa ni matofali tu. La pili, kazi ikilazimika kusimama, kichwa cha ukuta kifunikwe kabla ya masika: kipakwe tabaka la saruji lenye mteremko, au angalau kiwekwe nyasi au turubai na kuzuiwa kwa mawe. Kazi hiyo ni ya siku mbili, nayo huokoa kazi ya mwaka mzima.

Jipya lisimfukuze mzee

Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali, kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliopatikana wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, ilijenga vyumba 15,000 vya madarasa nchini kote. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini linatupa swali ambalo kila kamati ya shule hapana budi ilijibu: yale madarasa ya zamani yatafanywa nini?

Mara nyingi jibu huja upesi mno. Jengo la zamani laonekana kuwa aibu mbele ya jipya. Madirisha yake huondolewa, mabati yake hung'olewa moja moja usiku, na baada ya miaka michache hutangazwa kuwa ni hatari. Lilifanywa kuwa hatari kwa kuachwa. Darasa lisilotosha tena wanafunzi laweza kuwa maktaba, au nyumba ya mwalimu, au ofisi ya kijiji, au chumba cha ushirika cha kuhifadhia mpunga na kakao mkulima asilazimike kuuza kwa bei ya hasara siku ya mavuno. Kijiji kilicho na kuta nne na msingi mwema, kisha chalia kwamba hakina ghala, kinalilia kitu ambacho tayari kinacho.

Wako watakaotujibu kwamba kutengeneza la zamani kwaweza kugharimu kuliko kujenga jipya. Ni kweli, yaweza kuwa hivyo. Msingi ukiwa umezama upande mmoja, kuta zikiwa zimetoka katika timazi, au matofali yenyewe yakiwa yamegeuka vumbi, jengo hilo livunjwe, wala watoto wasilale wala wasisome ndani yake hata siku moja. Tunalokataa ni kubomoa kabla ya kupima. Fundi mwashi mwenye ujuzi pamoja na mhandisi wa halmashauri watazame msingi, wapime kuta, wapande darini waitazame kenchi na boriti, kisha waandike waliyoyaona na kuyasoma mbele ya mkutano wa kijiji. Baada ya hapo kubomoa ni uamuzi. Kabla ya hapo ni uharibifu.

Na likibomolewa, mali yake ihesabiwe. Matofali yaliyojengwa kwa udongo huachana kwa urahisi, na yakisafishwa hutumika tena. Yale yaliyoiva vizuri ni bora kuliko mengi yanayotoka tanurini leo. Lakini tumeona mara nyingi jengo la umma likivunjwa, na matofali, milango na mabati yake yakatawanyika, hata asiwepo awezaye kusema yalikwenda wapi. Mwananchi aliyeyabeba matofali hayo kichwani alipokuwa kijana ana haki ya kuuliza. Idadi yake iandikwe katika daftari la kijiji, na itajwe kazi itakayofanywa nayo.

Nchi itikisikayo

Tusisahau mahali tulipo. Milima ya Livingstone na ziwa lenyewe vimefanywa na ufa mkubwa wa dunia, na ufa huo haujalala. Desemba 1910 tetemeko la nguvu ya 7.4 lilitokea katika nchi ya Rukwa, nalo limehesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika. Desemba 2009, ng'ambo ya mto Songwe katika wilaya ya Karonga nchini Malawi, ardhi ilitikisika kwa majuma kadhaa. Watu wanne walikufa na maelfu ya nyumba yakapasuka au kuanguka. Na tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la nguvu ya 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walikufa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya.

Nyumba ya matofali ni nzito, na uzito ambao haukufungwa pamoja huanguka vipande vipande. Babu zetu waliokaa katika nyumba za mianzi hawakuuawa na kuta zao. Mwanzi huyumba kisha hurudi. Sisi tuliochagua tofali tumechagua pia wajibu wake. Matofali yapishanishwe kila mstari, na pembe za nyumba ziumane, zisiwe kuta mbili zilizosogezwa tu. Mkanda wa zege wenye nondo uzunguke nyumba yote juu ya milango na madirisha, usikatike njiani. Dirisha lisikaribie mno pembe. Paa lifungwe katika ukuta, lisikalie tu. Hapa ndipo saruji yetu yapaswa kwenda kwanza: katika msingi na katika mkanda, kabla haijakwenda katika lipu na urembo. Majengo ya zamani yaliyo mema nayo yaweza kuongezewa mkanda huo wakati paa linapobadilishwa. Kwa hiyo kutunza si kuliacha jengo kama lilivyokuwa, bali ni kuliongezea nguvu lililozikosa.

Kuni na kingo za mito

Lipo neno moja gumu zaidi. Kila tanuri hula kuni, na vilima vya jirani haviwezi kuendelea kutoa miti kwa kiasi tunachochoma. Vijana wengi nao huchimba udongo kwenye kingo za mito, kwa kuwa ndiko uliko laini na maji yako karibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka mto au ziwa. Sheria hiyo si adui wa vijana. Ukingo uliochimbwa leo ndio mlango wa mafuriko kesho, na maji yatakayoingia yataikuta nyumba iliyojengwa kwa udongo wa ukingo ule ule.

Lakini haitoshi kukataza. Serikali ya kijiji iwapimie wafyatuaji mahali pa kuchimba mbali na mto, na mashimo yao yafukiwe au yafanywe mabwawa ya samaki. Kyela ni nchi ya mpunga, na pumba zinazorundikana kwenye mashine za kukoboa zaweza kuchoma matofali zikapunguza kuni. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi nao umekwisha kuonyesha matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo, bila moto wowote. Na njia rahisi kuliko zote ya kuokoa mti ni kutolichoma tofali ambalo tayari tunalo. Kila ukuta wa zamani uliotunzwa ni tanuri moja lisilowashwa.

Kazi iliyo mbele yetu

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inampa Waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa la kulindwa na taifa. Lakini taifa haliwezi kutangaza kila darasa, kila zahanati na kila nyumba ya mwalimu iliyo katika Makwale. Majengo hayo yana mlinzi mmoja tu, naye ni mkutano wa kijiji.

Basi twatoa wito ulio wazi. Mvua zikikoma na njia zikikauka, kabla tanuri la kwanza halijawashwa, kila serikali ya kijiji iwatume watu wake watatu au wanne wakatazame majengo yote ya umma. Waandike lipi ni zima, lipi lina ufa, lipi halina paa na lipi halina kazi. Orodha hiyo isomwe hadharani. Lililo zima lipewe kazi, lenye ufa lizibwe kabla ya masika, lisilo na paa lifunikwe, na lililokwisha kabisa livunjwe kwa hesabu. Ndipo ijulikane ni matofali mangapi mapya yanayotakiwa, nasi twaamini yatakuwa machache kuliko wengi wanavyodhani.